Panya shamba na chura wa Kihansi: mbona mmoja haishi, mwingine akaisha?

Mwana_Mafinga:
Wakuu, panya tunawatega na kuwawekea sumu kila msimu, mwaka unaofuata wamejaa vilevile. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa korongo la Mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, hakuna aliyemwinda, ila kaisha porini. Chura si hutaga mayai mengi kuliko panya anavyozaa?

Kilolo_Juu:
Kwenye mayai ndipo ulipokosea, mkuu. Huyu hatagi. Anazaa vitoto vilivyokamilika, vidogo kuliko punje ya mchele, na jike lenyewe halifiki sentimita 3. Panya shamba, yule mwenye chuchu hadi jozi 12, hubeba mimba siku 23 hivi, hushusha kumi au zaidi, na mvua ikiwa nzuri anarudia.

Ila uzazi peke yake hauelezi. Panya anakula mahindi, mbegu za nyasi, hata wadudu, na shimo lolote linamtosha. Chura alikuwa na kama hekta 2 tu duniani kote, pale manyunyu ya maporomoko yalipolowesha majani. Bwawa la umeme likachepusha karibu asilimia 90 ya maji. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka, halafu 2003 wakaporomoka ghafla. Ukungu wa ngozi ulikutwa kwao. 2009 wakatangazwa wametoweka porini.

Mwana_Mafinga:
Ukungu huo panya haumpati?

Bwana_Shamba:
Hapana. Chura hupitisha maji na chumvi kwenye ngozi. Ukungu ukiinenepesha, chumvi za damu hushuka na moyo unasimama. Wanaorudishwa sasa ni uzao wa wale 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Kwa hiyo anayeshuka korongoni aoshe buti, tope lote litoke kwenye soli, kisha zikauke kabisa. Ukungu huo haustahimili ukavu.

Panya wako sasa: ukiweka sumu peke yako, wa jirani wanahamia ndani ya siku chache. Kubalianeni kitongoji kizima, siku moja, kabla ya kupanda, maana mbegu hufukuliwa zaidi wiki mbili za mwanzo. Fyekeni kingo za shamba, vichaka ndiyo maficho yao.

Kilolo_Juu:
Na bomba la dawa msioshee mtoni, tafadhali. Maji ya Kihansi yanatoka huku huku juu kwetu.