Lehemu ya bodi ndogo: yenye risasi, isiyo na risasi au ya bismuthi?

Mwanasaketi: Habari zenu wakuu. Ninaunda bodi ndogo yenye rezista za ukubwa wa 0805 (takribani milimita 2 kwa 1.25) na chipu moja ambayo miguu yake imeachana milimita 0.65. Nina lehemu za aina tatu: 63/37 ya bati na risasi (asilimia 63 kwa 37), SAC305 isiyo na risasi (ya bati, fedha na shaba), na ya bati na bismuthi. Nianze na ipi, na kwa flaksi gani, yaani kemikali ya kusafisha metali ili lehemu ishike?

Fundi Taratibu: Kwa kazi ya mkono chukua 63/37, waya wa milimita 0.5. Huyeyuka na kuganda palepale kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, ilhali 60/40 hupitia kwanza hali ya uji, na kiungo kikitikisika wakati huo huharibika. SAC305 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, hivyo ncha ya pasi ya kulehemia hufanya kazi kwa joto kali zaidi na huisha mapema. Isitoshe, kiungo chake hupoteza mng'ao kikipoa hata kama ni kizima, jambo linalomchanganya anayejifunza.

Bati Tupu: Hayo ni kweli, lakini ikiwa bodi itauzwa Umoja wa Ulaya, kanuni za RoHS, zinazozuia vitu vya sumu katika vifaa vya elektroniki, zimebana risasi tangu Julai 2006. Nami naona lawama nyingi za SAC305 ni za ncha nyembamba kama sindano, isiyofikisha joto. Tumia ncha bapa.

Jicho la Bodi: Mnabishana juu ya metali, ilhali viungo vingi vibovu nilivyovirudia vilikosa flaksi tu. Paka flaksi ya jeli safu nzima ya miguu, chukua tone dogo la lehemu kwa ncha bapa, kisha vuta ncha hiyo polepole juu ya miguu. Lehemu itajigawa yenyewe. Miguu miwili ikiungana, ongeza flaksi, si lehemu, kisha gusa tena. Flaksi inayoyeyuka majini lazima ioshwe, la sivyo hula shaba; ile ya mafundi bomba isikaribie bodi kabisa. Bismuthi nayo, ikichanganyika na risasi, huweza kufanya kiungo kianze kulainika kwenye nyuzi 96 hivi.

Mwanasaketi: Basi nachukua 63/37 na flaksi ya rosini (utomvu wa msonobari). Je, ule moshi ni wa risasi?

Fundi Taratibu: Hapana, ni wa flaksi, ingawa nao hukera mapafu, kwa hiyo weka feni ya kuuvuta. Risasi hubaki vidoleni: nawa kabla ya kula.