Uwanja wa kikapu ukiwa mdogo, refa abadili kanuni?

Filimbi (refa): Uwanja wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni mita 28 kwa 15. Viwanja vya zege mashuleni mara nyingi havifiki. Tuseme 24 kwa 13. Kanuni zinasema waamuzi hawana mamlaka ya kuzibadili, ila refa mkuu anaamua lolote ambalo hazikulitaja. Naona tuchezeshe zilivyo. Timu zote zinaumia sawa.

Kocha: Haziumii sawa. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka chini ya katikati ya ringi, lakini konani unanyooka, sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni. Kwa upana wa 15 hiyo ni mita 6.60. Kwa 13 chukua nusu ya upana, 6.50, toa 0.90: inabaki 5.60. Mita nzima imeliwa na bado unahesabu tatu! Wenye mlengaji mzuri wa kona wanabebwa tu. Futeni vipande vilivyonyooka.

Meza (mwandika pointi): Ukivifuta, tao, yaani sehemu iliyopinda ya mstari wa tatu, linakata mstari wa pembeni kama mita 3.4 kutoka mstari wa mwisho. Chini ya hapo kila kikapu ni mbili. Mezani tungeshukuru.

Filimbi: Afute nani? Refa hawezi kufuta mstari kwa mdomo wakati rangi iko chini. Hiyo ni kazi ya mwandaaji.

Mstari wa Kati: Mnagombea kona, mimi naona balaa liko katikati. Kilele cha tao kiko mita 8.33 kutoka mstari wa mwisho. Nusu uwanja ikiwa 12, hadi mstari wa kati zinabaki 3.7 badala ya 5.7. Wawili wakimzonga mwenye mpira hapo, anarudisha mguu nyuma ya mstari wa kati, kosa, na filimbi inalia. Sekondari za Marekani, uwanja ukiwa chini ya futi 74 (kama mita 22.6), huchorwa mistari miwili, kila mmoja futi 40 kutoka mwisho wa mbali. Kila timu inabaki na futi 40 za kushambulia.

Filimbi: Basi hata huko 24 ingebaki na mstari mmoja.

Mstari wa Kati: Ndiyo, lakini vipo vya 22, na hivyo navidai. Ila mistari miwili ipakwe rangi tofauti, la sivyo hata refa atachanganya upi ni wa nani.

Meza: Na ukuta ulio karibu na uwanja je?

Filimbi: Ukuta umeshaandikwa. Nje ya mstari pakiwa na chini ya mita 2 zisizo na kizuizi, mkabaji asimkaribie anayeingiza mpira chini ya mita 1. Refa wa mstari wa mwisho naye asijibane chini ya ubao, hataona mikono. Asogee upande wa kona.

Kocha: Hapo sina neno. Kuhusu kona, mwandaaji aandike kabla ratiba haijatoka, si makapteni kukubaliana wakati wa kupasha misuli.

Filimbi: Akiandika nitachezesha hivyo. Asipoandika, mguu ukiwa nyuma ya mstari ni tatu, hata kwa 5.60.