Mrejesho: Laikeni za Usnea kutoka Kilimanjaro

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza iwapo umbo pekee linatosha kuainisha laikeni (viumbe vinavyoundwa na kuvu na mwani wanaoishi pamoja) zenye sura ya ndevu nilizokusanya kwenye miti ya Kilimanjaro. Ushauri wa kuvuta tawi taratibu ulifaa mara moja, kwani uzi mweupe unaonyumbuka katikati yake ulithibitisha jenasi ya Usnea. Kwenye DNA, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) zinazolenga kuvu kwenye eneo la ITS, sehemu ya DNA inayotumika kutambua spishi za kuvu, zilituepusha na DNA ya mwani mwenza. Hata hivyo, sampuli zenye visahani vya spora na zile zenye unga wa kuzaliana hazikutengana kwa DNA, jambo linalojulikana pia kwa Usnea florida na Usnea subfloridana za Ulaya; hizo nimeziandika kwa jina la jenasi tu, badala ya kubahatisha spishi.