Kigoma: miezi saba nachomwa sindano za "kizazi baridi", kumbe nina makovu. Nataka hela yangu!

Wanajamvi, nimelia vya kutosha. Leo naandika.

Nakaa Gungu, naanika dagaa Kibirizi, nina miaka 37. Mwaka juzi mimba ilitoka ikiwa na miezi mitatu, nikasafishwa. Tangu hapo hedhi yangu ya siku tano ikawa siku moja, tena matone. Mimba haishiki. Ultrasaundi ikaonyesha ukuta wa ndani wa kizazi una milimita 4, wakati yai likikaribia kutoka hutakiwa angalau 7. Nikaanzishiwa vidonge vya homoni.

Shoga yangu akanipeleka kwa hawa wa sindano za Kichina mjini, vile visindano vyembamba visivyo na dawa. Kikao 40,000, vikao 15, kila baada ya wiki mbili, na unalipa zote mwanzo. Laki sita! Mtaji wangu wa msimu mzima.

Mtaalamu akanishika mshipa wa mkono, akatazama ulimi, akasema kizazi kina baridi, damu haifiki. Akachoma chini ya kitovu na juu ya kifundo cha mguu kwa ndani. Akaniamuru niache vidonge vya hospitali eti vinapingana na tiba yake. Lakini hakuniuliza, hata siku moja kati ya hizo 15: mama, umewahi kusafishwa? Hilo linaniuma kuliko hela. Mama mkwe alikuwa anahesabu vikao pamoja nami.

Sisemi sindano hazina lolote, siku za kikao nililala vizuri. Nimesoma pia kwamba Sweden mwaka 1996 walipima wanawake 10 waliochomwa sindano zenye umeme, damu ikapita vizuri zaidi kwenye mishipa ya kizazi. Kumi tu, jamani, na damu kupita siyo kupata mtoto. Australia na New Zealand walifuatilia wanawake 848 waliokuwa wanapandikizwa mimba, majibu yakatoka 2018: waliochomwa sindano za kweli waliojifungua ni asilimia 18.3, wa sindano za kuigiza 17.8. Hapo tofauti iko wapi?

Mwezi uliopita nimeenda kwa daktari mwingine. Sijakaa vizuri kwenye kiti, ameshauliza habari ya kusafishwa. Kuta za kizazi zimeshikana kwa makovu, ambayo kusafishwa kunaweza kuyaacha. Kovu haliyeyuki kwa kupashwa joto, linakatwa kwa kamera ndogo inayopitishwa mlango wa kizazi, ndipo homoni zinapata ukuta wa kukuza. Ameagiza na kipimo cha TB ya kizazi, maana nayo huuharibu ukuta huohuo. Nina rufaa ya Mwanza na nauli sina.

Nimerudi kudai, nikaambiwa nilipie kozi ya pili ndiyo nitaona matokeo. Kwa umri wangu!

Jumatatu naenda na risiti zangu na wifi yangu. Wanionyeshe cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na wanirudishie hela. Dada uliyechomwa hapa mjini kwa hadithi hiihii ya baridi, nitumie ujumbe twende wote.