Mrejesho: dari ya gereji imepanda, kuta ziko salama

Wakuu, niliuliza kama naweza kupandisha dari ya gereji ya nyumbani hapa Nyakato, Mwanza, maana keria ya gari ilikuwa inakaribia kuigusa. Fundi wa kwanza alitaka kukata mbao zote za chini za kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Asanteni sana mlionizuia! Mbao hizo ndizo zinazoshika pao mbili (mbao za mteremko za kila upande wa paa) zisitanuke; ukiziondoa, uzito wa paa unasukuma kuta nje.

Nilitafuta mhandisi akapiga hesabu, kisha seremala mzoefu akaanza. Alitegemeza paa kwa mirunda, akafunga mbao mpya ya inchi 2x6 juu zaidi, ndani ya theluthi ya chini ya kimo cha paa, kwa bolti na nati, si misumari mitupu. Ndipo akakata ya zamani. Kenchi moja ikiisha, anahamia nyingine. Pao nazo ziliongezewa mbao ubavuni, kwa sababu mbao inayoziunganisha ikipanda, pao hubeba mpindo mkubwa zaidi. Hapo msibane pesa, nawaomba.

Upepo wa ziwani nao tuliukumbuka: kila kenchi imefungwa kwenye linta (mkanda wa zege wa ukutani) kwa ukanda wa chuma.

Fremu ya dari ilikuwa rahisi. Mbao kila sentimita 60, ili ubao wa jipsamu wenye upana wa sentimita 120 ukutane na mwenzake katikati ya mbao. Matundu ya hewa yana wavu, wadudu wa ziwani wasijae juu. Bado rangi tu.