Baba mtoto anataka kijana abebe majina yake yote, mi sitaki. Nisaidieni

mama_wa_mpakani
Habari zenu wapendwa. Nimejifungua kijana hivi majuzi, tunashukuru Mungu wote wazima, ila nyumbani maneno yameingia. Bwana yangu ni Mganda, yaani kabila la Buganda, mi Mjapadhola wa Tororo, tunakaa Malaba, hapa Uganda mpakani na Kenya. Yeye anasema mtoto lazima achukue majina yake yote mawili, la dini na la ukoo, halafu mwisho iongezwe Junior. Mi sitaki. Bwana yangu namheshimu sana na jina lake ni zuri, lakini naona mtoto anatakiwa awe na jina lake mwenyewe, ukiita pale uani anageuka mmoja.

Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa mvua inanyesha ni Okoth, akija usiku ni Othieno. Huyu alikuja usiku wa manane stima imekatika, nesi kabana simu kwa meno inamulika ili mikono yote miwili imshike mtoto. Mi moyoni nilishamwita Othieno pale pale kitandani. Baba yake anasema mtoto wa Mganda hapewi jina la kwa mama, na hapo namwelewa, lakini basi ampe jina lingine la kwao, kwani yameisha? Ananijibu eti yeye ndo kijana peke yake kwa marehemu baba yake, anaogopa jina litapotea. Akisema hivyo sauti inabadilika na mi nashindwa kuendelea. Karatasi ya hospitali ya kupeleka NIRA, wale wa serikali wanaosajili watoto na vitambulisho, iko kwa kabati, sehemu ya jina tupu, na mama mkwe anakuja Jumamosi. Nifanyeje?

jjajja_wa_masaka
Hongera sana mwanangu, Mungu amkuze. Mi ni Mganda, mama wa watu wazima, na nakuambia hilo analotaka bwana yako siyo desturi yetu ya zamani, hii ya Junior imekuja na shule na kanisa. Kwetu jina ni la ukoo. Kila ukoo, uwe Mmamba, Nkima, Ffumbe au Lugave, una majina yake, ndo maana utakuta watoto wa baba mmoja mama mmoja na kila mtu ana jina lake na hakuna anayeshangaa. Mtoto anapewa jina la mzee wa ukoo aliyetangulia. Sasa bwana yako anaogopa jina lipotee, litapotelea wapi wakati ukoo mzima unalo? Hata asingezaa kabisa, mtoto wa ndugu wa ukoo huko kijijini angepewa.

Halafu kuna jambo la mrithi. Mtu akifa, siku ya kumaliza msiba, ile olumbe, ndo ukoo unamtoa mrithi mbele ya watu, anasimama mahali pa marehemu. Kumpa mtoto majina yote ya baba aliye hai, wazee wengine wataona kama umeshamchagua mrithi na wenzake hata hawajazaliwa. Nikushauri hivi: mama mkwe akifika usianze kubishana, mkaribishe, apumzike, ale, halafu umuulize kwa upole marehemu mzee aliitwa nani. Huenda jina mnalotafuta ndo hilo.

boda_mstaafu
Mi nimebeba majina ya baba yangu yote mawili, naomba unisikilize dada. Zamani kabla ya hivi vitambulisho vya taifa vilivyoanza 2014, nilinunua kipande cha shamba kwa pesa yangu ya boda. Makubaliano yaliandikwa kwa mkono, jina, sahihi, muhuri wa LC, wale viongozi wa kijiji, basi, hakuna namba ya kitambulisho wala nini. Mzee alipofariki ndugu zangu wakaitoa ile karatasi wakasema hili shamba ni la baba, jina lake hili hapa. Na kweli ndo jina lake! Shahidi mmoja alishakufa, mwingine anasema hakumbuki vizuri. Tumeenda kwa wazee, tukaenda kortini, mpaka leo mi na kaka yangu tukikutana msibani tunasalimiana kwa kichwa tu. Siku hizi kila mtu ana NIN yake, namba ya kitambulisho, najua, lakini kijijini watu bado wanaandikiana kwa majina.

Amooti_FP
Mi naona mnambana sana shemeji. Mtu aliyefiwa na baba anataka kijana wake ajulikane ni wa nani, hilo siyo kosa. Sisi Watooro mtoto pamoja na jina anapewa empaako, jina la heshima na mapenzi, Amooti, Araali, Akiiki na mengine, na humo nyumbani ndo tunaitana hivyo kwa mapenzi, hata UNESCO waliiweka kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni 2013. Kwa hiyo baba aandike jina lake, wewe mwite Othieno ukimnyonyesha, nani atakukataza? Ila kaeni mwelewane kabla ya kwenda NIRA, maana kijana akikua akitaka kubadilisha jina, sheria ya 2015 inamtaka atangaze kwenye gazeti rasmi la serikali, ni usumbufu na gharama.

mama_wa_mpakani
Asanteni sana, nimesoma zote. Amooti, kumwita nyumbani peke yake hakunitoshi, nataka jina nitakalolisikia mwalimu akiita darasani. Ile habari ya shamba nilimsomea baba mtoto jana usiku, akanyamaza, akaniomba nirudie pale kwa muhuri wa LC.

Jjajja, sikungoja Jumamosi, tulimpigia mama mkwe. Akasema jina la marehemu mzee halijapewa mtoto yeyote kwenye ile familia, na yeye alikuwa anangoja tumuulize. Bwana yangu akatoka nje na simu wakaongea muda mrefu. Aliporudi akasema mtoto achukue la babu yake, na Junior tuiache. Kwa Othieno amesema tumsubiri mama kwanza, mi nataka liandikwe katikati na hilo siliachi.

jjajja_wa_masaka
Usiliache. Ila mwambie mama mkwe wewe mwenyewe, asilisikie kwa mwanawe.