Chakula cha mchana cha watu 60 kwa misingi ya Kijaini: tupike nini?

Mlezi_Klabu:
Salaam wakuu. Klabu ya wanafunzi ya kutetea wanyama hapa Mombasa inaandaa chakula kisicho na nyama kwa watu 60, ili watu waione huruma ikiwa sahanini badala ya kuhubiriwa. Wamo wazee wa Kijaini, dini ya kale ya India inayokataza kudhuru viumbe. Menyu ya sasa: pilau ya viazi, maharage ya nazi, kachumbari, keki. Kuna la kurekebisha?

BizariNyembamba:
Karibu vyote vinne, mkuu. Mjaini mshika dini hali mizizi: viazi, vitunguu maji na saumu, karoti, tangawizi mbichi. Kuing'oa kunaua mmea mzima na vijidudu vya udongoni, na kwa mafundisho yao kiazi kimoja kimebeba roho zisizo na idadi. Tangawizi na manjano ya unga mkavu wengi wanakubali, na karanga pia japo huzaa ardhini. Keki ina mayai. Asali na jeli, acheni.

Wali mweupe kilo 6, mchuzi wa choroko kilo 4. Nimechagua choroko kwa kuwa haihitaji kulala majini; ikiloweka hadi ikaota, wengi wao hawaigusi. Chemsheni mpaka iive kabisa, ndipo mtie nyanya kilo 3, kwani ukali wa nyanya huchelewesha choroko kulainika. Harufu ya kitunguu mtaipata kwa mvuje (utomvu mkavu wa mmea, Wahindi huuita hing): mafuta yapate moto, bizari nyembamba ikishaanza kuruka punguzeni moto, tieni mvuje wa unga vijiko 3 vya chai na nyanya mara moja. Ukikaa peke yake kwenye mafuta makali huungua kwa sekunde chache na sufuria nzima ikawa chungu. Mvuje wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo ulizeni kama kuna asiyekula ngano. Tui mwisho, moto mdogo, msiache kukoroga, lisije likakatika.

Badala ya viazi, ndizi mbichi. Zichemsheni na maganda yake kama dakika 20 ndipo mmenye. Utomvu hauwagandi mikononi na ndizi haiwi nyeusi. Kachumbari: tango, nyanya, embe mbichi, ndimu.

Mlezi_Klabu:
Shukrani. Choroko tuliyonunua ina fukusi. Tuianike juani?

BizariNyembamba:
La, jua kali litawaua. Imwageni kwenye sinia jeupe, tabaka jembamba, nusu ya sinia ikae kivulini. Fukusi hukimbilia kivuli. Wakusanyeni kwa karatasi mkawaweke nje penye majani. Punje zilizotobolewa ziondoeni zote, maana ndani mnaweza kuwa na buu. Fanyeni hivyo wageni wakitazama. Hapo ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote, inaeleweka upesi kuliko bango lolote.

Tui_la_Kwanza:
Naongeza la maziwa. Kwa desturi Wajaini wanakunywa, ila mtindi mbichi hauchanganywi na jamii ya kunde. Wanaofuata kanuni hiyo hupasha mtindi moto kwanza. Baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, someni kibandiko. Na baadhi ya Wajaini, hasa vijana wa Uingereza na Marekani, wameacha maziwa kabisa kwa hoja ileile ya ahimsa: ndama dume hana maziwa, mara nyingi mwisho wake ni buchani. Kwa tui la Pwani hamna haja ya kuingia kwenye ubishi huo.

Mabango ya damu na machinjio msibandike ukumbini. Mla nyama akiona anashitakiwa hali, anajitetea. Mtawa wa Kijaini Hiravijaya Suri alipoitwa na Mfalme Akbar wa India miaka ya 1580, alijadiliana naye kwa upole, na Akbar akatoa amri uchinjaji usimamishwe siku za Paryushan, sikukuu ya Wajaini ya kufunga na kutubu. Wekeni kadi ndogo kando ya kila sufuria: kilichomo, kilichoachwa, na kwa nini.

Jiko_Safi:
Maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa safi kizito, kisha yachemshwe siku hiyohiyo. Pikeni asubuhi, si usiku wa kuamkia, kwa sababu chakula kilicholala hawali. Mkiwa na vitafunio vya jioni viishe kabla jua halijazama. Baada ya hapo baadhi yao hata maji hawanywi. Kitakachobaki, tafuteni mapema wa kumpelekea kikiwa bado cha moto.